Sura ya Saba: Reli Iliyogongwa Chini ya Mjane

Wewe umewahi kusikia theluji ikiguna? Si upepo huo, maana upepo una kelele zake na mtu huzizoea. Wala si mbao za nyumba zinazojinyoosha kwa baridi. Ni guno moja tu, zito, la chini kwa chini, kama la mtu mnene aliyejitupa kwenye godoro. Halafu kimya.

Inspekta Nolasco Sáez alilisikia adhuhuri ile akiwa amepiga magoti ndani ya ghala la makaa ya mawe la stesheni ya Peñón Rajado, mbele ya maiti ya Rosamel Ibacache. Taa ya chemli ilicheza kwenye msumari wake. Vumbi la makaa likadondoka kutoka darini, likamtua begani. Yeye alikuwa mtu wa bondeni, mtoto wa mashamba ya zabibu, na hakujua amesikia nini. Lakini Froilán Maturana, aliyekuwa amesimama mlangoni na koleo mkononi, aliacha kutafuna.

"Umesikia?" Froilán akauliza.

"Nini kile?"

"Mjane anajigeuza kitandani."

Mjane ndilo jina walilouita mteremko uliosimama juu ya stesheni na juu ya njia ya reli, mpana, mtupu, usio na mti wala mwamba wa kuzuia kitu. Juzi asubuhi upande wake wa kushoto uliporomoka ukamfukia Rosamel akirudi kutoka kibanda cha walinzi wa reli kilichoko juu. Upande wa kulia ulikuwa bado umekaa vilevile, na ndio uliokuwa juu ya paa lao.

"Kaangusha mtandio tu," Froilán alisema. "Gauni bado analo. Inspekta, nimesema tangu asubuhi, tuhamie kwenye handaki la reli."

"Na don Eleuterio amesema tangu asubuhi tusitoke."

"Basi sikiliza unayemtaka. Lakini kwa hivyo viatu vyako vya kwendea harusini, mimi ningeanza kutembea mapema."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Inspekta alipandishwa jana na injini ya kusukuma theluji, ikamshusha, ikarudi bondeni na ahadi ya kumfuata leo. Saa chache baadaye njia ikazibwa chini, na huko juu, nyuma ya handaki, ilikuwa imezibwa tangu juzi. Simu ikakatika. Ndani ya nyumba ile walibaki watu wanne: don Eleuterio Bustos, mkuu wa stesheni, Froilán, ambaye kazi yake ni kuitazama theluji na kusema hali yake, doña Orfilia, mpishi, na yeye mwenyewe. Mmoja alisema tukikaa tutafukiwa. Mwingine alisema tukitoka uani, miguu yetu ndiyo itakayouangusha mteremko, na hata tukifika handakini baridi itatumaliza. Na mmoja wa wanaume hao wawili alikuwa amesema uongo juu ya kifo cha Rosamel. Inspekta alilijua hilo kama mtu anavyojua maziwa yameharibika kabla hajayaonja. Asipojua ni yupi, angewezaje kujua neno la nani la kulifuata?

Akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa na desturi ya kuanzia miguuni na kupanda polepole, kama mwanamke anayekagua nguo ya mtumba kabla hajatoa mkoba. Buti zimefungwa sawasawa. Suruali ya sufu imekauka kama ubao. Mfuko wa koti: leso, kisu cha kukunja, na kamba nyembamba nyekundu, ndefu, iliyoviringwa vizuri kama uzi wa dukani. Mkoba wa mgongoni: blanketi na bakuli la bati, na mikanda yote imefungwa, wa kifuani na wa kiunoni. Fimbo ya kutembelea thelujini ilivunjika katikati, na nusu yake bado ilining'inia kwenye kifundo cha mkono kwa kitanzi cha ngozi.

Usoni, ndevu zilishikilia ganda la barafu, jembamba, laini kwa ndani kama kikombe.

"Hili mlimkuta nalo?"

"Tulimkuta nalo. Ni pumzi yake hiyo. Mtu akifukiwa hai, pumzi inayeyusha theluji iliyo mbele ya uso, halafu inaganda."

"Kwa hiyo hakuuawa kwingine akaja kuwekwa chini ya theluji."

"Alikuwa hai kuliko mimi," Froilán alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Basi dhana ile ambayo Inspekta alipanda nayo mlima, ya mtu kupigwa nyundo kisha kusingiziwa theluji, ikafa pale pale. Akaishika ile kamba nyekundu.

"Na hii?"

"Unaifunga kiunoni unapopita chini ya Mjane, unaiacha ikuburuze nyuma. Ukichukuliwa, kamba ni nyepesi, inaelea juu. Wenzako wanaifuata mpaka ulipo."

"Na mkoba?"

"Mikanda unaifungua, uweze kuuvua haraka. Mkono unautoa kwenye kitanzi cha fimbo, isikuvute chini. Kila mtu hufanya hivyo, Inspekta. Hata don Eleuterio. Ni kama kuvua kofia kanisani, hufikirii, mkono unafanya wenyewe."

"Rosamel hakufungua hata kimoja."

"Naona."

"Alikuwa mgeni?"

"Mgeni! Huyo alianza kupita hapa hajaota ndevu."

"Sasa kwa nini?"

Froilán alihamisha koleo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. "Muulize yeye," akasema, akatoka.

Don Eleuterio alikuwa jikoni, koti la kazi limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, mbele yake bakuli la kahawa ya ngano iliyokaangwa. Hakuwa ameinywa. Ilikuwa imefanya utando.

"Don Eleuterio, nieleze tena juzi asubuhi."

"Nimekwisha eleza."

"Nieleze kama mtu asiyejua lolote. Ndivyo nilivyo."

Mzee akapangusa masharubu, ijapokuwa hayakuwa na kitu. "Kulipopambazuka niliupiga Mjane baruti, kama tunavyofanya siku zote tufani likikaa sana. Baruti ikilipuka, mtazama theluji anapanda mwambani kwenda kuona kwa macho yake kama mteremko umeshuka. Ukiwa umeshuka, anarudi, anasema, na kile kipande cha reli kilichoning'inizwa barazani kinagongwa mara tatu. Aliye kibandani juu anasikia, anajua njia ni salama, anakuja. Reli isipogongwa, hakuna anayeinua mguu."

"Na juzi?"

"Nilipiga baruti. Nikamtuma Froilán mwambani. Kulikuwa na ule upepo mweupe, huoni mkono wako. Kabla hajarudi, Rosamel akaondoka kibandani kwa kiburi chake. Mjane akamshukia."

"Reli haikugongwa?"

"Tangu tufani lianze haijagongwa hata mara moja."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye mkuu hapa, Inspekta. Na kama unatafuta mtu, muulize Froilán alipigana na Rosamel kwa sababu gani siku moja kabla marehemu hajapanda kibandani."

Froilán alikuwa akikung'uta buti kizingitini, akasikia. "Kwa sababu nilimwibia karata, mzee. Akanipiga ngumi, nikamrudishia karata, tukaendelea kucheza. Mbona humalizii?"

"Mwongo," don Eleuterio alisema taratibu.

"Ndiyo, mwongo. Lakini katika karata."

Doña Orfilia, ambaye mgongo wake ulikuwa kwao akikatakata boga la supu, alitia konzi ya chumvi sufuriani bila kugeuka. Inspekta akachukua kofia yake, akatoka barazani peke yake.

Nje hapakuwa na nje. Palikuwa na weupe uliokuwa ukienda upande, wenye mlio kama wa shuka zinazochanwa. Choo kilichokuwa hatua chache kutoka mlangoni hakikuonekana. Alishika ukingo wa baraza, akasogea mpaka ile reli, kipande kifupi cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo kwenye boriti. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeifunika yote, manyoya meupe yaliyoelekea upande wa upepo, marefu kama kidole. Yote, isipokuwa sehemu moja tumboni, upana wa sahani. Hapo sakitu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliipangusa kwa dole gumba. Chini yake chuma kiling'aa.

Alisimama akiitazama mpaka kope zake zikaanza kushikana. Kisha akaanza kutafuta saa. Si saa ya mkononi. Alitafuta kitu kingine pale barazani kilichopanguswa barafu wakati unaojulikana. Akachunguza ndoo, akachunguza kamba ya kuanikia, akachunguza mlango. Bawaba za mlango zilikuwa na sakitu nyembamba vilevile.

Akafungua mlango kidogo. "Doña Orfilia, njoo hapa mama, unisaidie kitu."

Alikuja na shali kichwani, ananuka vitunguu.

"Hizi bawaba umezisafisha lini?"

"Juzi, walipomleta Rosamel. Mlango ulikataa kufunguka, nikazigonga barafu kwa mpini wa ufagio. Tangu hapo sijazigusa." Kisha akafuata macho ya Inspekta mpaka kwenye reli.

"Unene ni ule ule," Inspekta alisema. "Iligongwa juzi. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Nilikupigia simu, sikukupigia? Nani mwingine hapa angekupigia? Nilijisemea ukija utaliona mwenyewe." Alivuta shali. "Wewe utashuka, Inspekta. Mimi naishi humu ndani na wanaume hawa mpaka theluji iyeyuke. Sina mlango wa kutokea."

"Nani aligonga?"

"Mgongo wangu ulikuwa mlangoni, mikono yangu kwenye unga. Nilisikia mara tatu. Nikasema moyoni, afadhali, kijana anarudi."

"Froilán alikuwa wapi?"

"Nje."

"Don Eleuterio?"

"Nje."

"Walikuwa na ugomvi na marehemu?"

"Froilán? Hata kidogo. Wale walikuwa wakipigana ili wapate joto." Akatazama nyuma kama ukuta ungeweza kusikia. "Aliyekuwa hasemi naye ni baba yake wa ubatizo."

"Nani huyo?"

"Don Eleuterio. Ndiye aliyempakata siku ya ubatizo, na wazazi wake walipokufa ndiye aliyemlea. Walifungiana ofisini, nikasikia sauti zimepanda. Kuhusu nini, sijui. Kesho yake mzee akampeleka kibanda cha juu, peke yake, zamu ambayo haikuwa yake. Alipanda na kuni za kubeba mgongoni tu. Halafu tufani likaja likakaa."

Inspekta alimkuta Froilán ukumbini amekwisha vaa kila alichonacho, skafu mbili, akizungusha kofia mikononi.

"Reli iligongwa juzi," akamwambia. "Rosamel alifunga mikanda na kukunja kamba kwa sababu aliambiwa mteremko umekwisha shuka, hakuna tena cha kuogopa. Waliokuwa nje ni wawili. Mmoja ni wewe."

"Basi nusu ya kesi umemaliza."

"Usinichezee, Froilán. Wewe ndiye unayetumwa kwenda kuona. Uliona nini mwambani?"

Froilán alifungua mdomo kwa utani mwingine, lakini hakuupata. Akaketi kwenye sanduku la kuni.

"Sikufika mwambani."

"Endelea."

"Upepo ulikuwa unanisukuma kama deni. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa na chupa yangu. Nikasema nitakaa kidogo, nirudi niseme haujashuka, maana hata dalili haikuwepo. Mara nikasikia mngurumo. Lakini si wa Mjane. Ulitoka nyuma ya handaki, kule korongoni. Korongo huanguka kwa mkupuo, Mjane huanza polepole. Kisha nikasikia reli. Moja, mbili, tatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema basi mzee ameona mwenyewe kwa upande wake. Mimi ni nani?" Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Nikanywa tena."

"Hukukimbia kumwuliza?"

"Ningemwuliza, naye angeniuliza mimi nimeona nini."

Inspekta alirudi jikoni. Akasimama pale alipokandia doña Orfilia, mgongo mlangoni. Uso wake ukatazamana na dirisha dogo, na nje ya dirisha, weupe ulipopungua kwa pumzi moja, aliona kivuli cha mviringo.

"Kile ni tangi la maji?"

"Ndilo."

"Mtu akitoka huko aje barazani, anapita wapi?"

"Hapa dirishani. Upande wa pili ni jabali."

"Juzi Froilán ulimwona akipita?"

Kisu kikasimama juu ya boga. "Nilimwona. Anayumba, ameinamisha kichwa. Lakini mkate ulikuwa umekwisha ingia tanurini, na reli niliisikia nikiwa bado nakanda."

"Kwa hiyo alipita baada ya reli."

"Baada."

Don Eleuterio alikuwa bado kwenye kiti chake, na yote hayo aliyasikia. Froilán alikuwa amesimama mlangoni.

"Sasa unataka niwatoe watu kwa neno lako," Inspekta akamgeukia. "Wewe uliyekaa nyuma ya tangi."

"Usichukue neno langu. Chukua koleo."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, kwenye pembe iliyokingwa upepo, mahali theluji ileile ya Mjane ilipofika mpaka ukutani. Froilán alimwonyesha pa kukata. Inspekta akakata mwenyewe, hakutaka mkono wa mwingine: pande mbili, kisha mbele, kisha kwa kamba yenye vifundo, akiivuta kama msumeno, akakata nyuma, mpaka ikabaki nguzo yenye upana wa kiti, ya kumfikia kifuani.

"Laza koleo juu yake. Sasa gonga kwa vidole tu, kama unayebisha hodi kwa mgonjwa."

Akagonga. Akagonga tena. Mara ya tatu nusu ya juu ya nguzo ile ikatoka mbele yenyewe, nzima, kama mtoto wa meza aliyepakwa nta, ikamwangukia miguuni. Pale ilipokatikia palikuwa na chembe kubwa, kavu, kama sukari guru iliyopondwa. Alichota konzi moja akaifumba, na zote zikampita kati ya vidole.

"Sukari," Froilán alisema. "Iko chini ya mteremko wote. Juu yake upepo umeweka ubao wa theluji ngumu. Ubao umekaa juu ya sukari, na sisi tuko chini ya ubao."

Nyuma yao don Eleuterio alikuwa amekuja mpaka kizingitini. Alitazama nguzo iliyokatika. Mtu aliyekaa maisha yake yote chini ya mlima hahitaji kuelezwa kitu kama hicho.

"Don Eleuterio," Inspekta alisema, "hii ni nyumba ya kulala?"

Mzee aliigusa nguzo kwa ncha ya buti.

"Juzi theluji ilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Kwa hiyo uliposikia mngurumo ulijua huenda ukawa ni wa korongo."

"Upepo ulikuwa mkali."

"Sikukuuliza upepo. Rosamel alikuja mikanda imefungwa, kamba mfukoni. Mtu wa hapa hafanyi hivyo ila ameambiwa. Reli iligongwa juzi, bawaba za mlango zimesema. Froilán alipita dirishani baada ya kugongwa, doña Orfilia amemwona. Amebaki mtu mmoja. Umeniambia uongo jana, umeniambia uongo leo, na uongo wako ulikuwa karibu unifanye niwaache watu hawa ndani."

Hapo Mjane akaguna tena. Safari hii walilisikia guno kwa miguu. Ufa ukakimbia uani, mwembamba kama unywele, kutoka ukuta wa choo mpaka ulipopotelea kwenye weupe, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuufuata.

"Mama!" Froilán akaita ndani. "Acha supu!"

"Imeiva!"

"Acha supu, doña Orfilia, kwa mapenzi ya Mungu!"

Walijipanga mlangoni. Kufika handakini ni mwendo wa kusema sala mbili fupi, lakini wote ni uwazi. Froilán aliwafungulia mikanda ya mikoba, akawafunga kamba nyekundu viunoni. Mmoja mmoja, akasema. Asiyefika asifuatwe na wawili. Yeye akatangulia ili kuonyesha njia kwa kamba yake, kisha doña Orfilia, shali imefungwa kidevuni, amekumbatia blanketi na, ndiyo, sufuria la supu.

Don Eleuterio alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

"Nenda, Inspekta. Mimi ni mkuu wa stesheni. Stesheni haiachwi."

"Simama."

"Nimekwambia nenda."

"Uko chini ya ulinzi, don Eleuterio. Aliye chini ya ulinzi hachagui pa kukaa. Nilipandishwa huku kwa ajili ya maiti mmoja, sikubali kushuka na wawili."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. Kisha akainuka. Hakwenda mlangoni; alikwenda ghalani. Alitoka akivuta kigari cha theluji ambacho Rosamel alikuwa amelazwa juu yake, amefunikwa turubai.

"Atakuchelewesha," Inspekta alisema.

"Huyu hajanichelewesha hata siku moja."

Inspekta akatangulia, maana ndivyo mzee alivyotaka, na kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kubishana. Aliifuata kamba ya Froilán kama kipofu. Upepo ulimjaza mdomo. Katikati ya uwanja hakuona mbele wala nyuma, wala hakujua kama ardhi aliyokanyaga ilikuwa ardhi. Alipoingia handakini mkono ulimkamata kola ukamvuta. Kisha wakasubiri. Wakaanza kusikia sauti ya kigari kikikwaruza, kinasimama, kinakwaruza. Froilán alitoka, akarudi akivuta kamba pamoja na mzee, kigari kikiteleza nyuma yao kwa mbao zake.

"Ndani!" akapiga kelele. "Ndani zaidi!"

Mjane alianza polepole, kama Froilán alivyosema. Kwanza ulikuwa mnong'ono. Kisha hewa yote ya handaki ikasukumwa ndani kwa mara moja, taa aliyokuwa nayo Froilán ikazimika, Inspekta akajikuta ameangukia reli na kifua chake hakivuti kitu. Mlima ulipita juu ya vichwa vyao. Ulipita kwa muda. Wakasikia mbao zikipasuka mbali, mbao nyingi, na walijua ni mbao za nyumba gani.

Halafu giza, kimya, na ile nuru ndogo ya mdomo wa handaki haikuwepo tena.

"Orfilia?" Inspekta aliita.

"Nipo. Nimemwaga nusu."

"Froilán?"

"Kama nimekufa, basi peponi pananuka mafuta ya treni."

"Don Eleuterio?"

Inspekta akatambaa, akipapasa reli, mataruma, kokoto, mpaka akagusa turubai, na juu ya turubai mkono wenye joto.

"Nipo," mzee alisema.

Kiberiti kililowa. Mbele pamezibwa, nyuma pamezibwa tangu korongo lilipoanguka. Froilán alisema kule nyuma theluji ni laini, na hewa inapita, alikuwa ameisikia usoni. Wapumzike kidogo, kisha wachimbe kwa zamu, watatoka. Alisema vile vile kwamba aliwahi kuchimba peke yake kutoka Peñón Rajado mpaka Ajentina, na doña Orfilia akamwambia anyamaze. Bakuli la supu likapita kutoka mkono hadi mkono. Don Eleuterio aliposhikishwa aliliacha likae mapajani.

"Aliyegonga namjua," Inspekta alisema kwenye giza. Sauti yake ilirudi kutoka ukutani, ngeni. "Kwa mahakama inanitosha. Lakini uliujua mlima huu kuliko sisi sote, na uligonga bila kungoja mtu. Hapo ndipo ninapokwama."

"Upepo..." mzee alianza, akaacha.

"Sema, don Eleuterio," doña Orfilia akasema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Kama huwezi kutwambia sisi, mwambie yeye. Yupo hapo."

Walisikia akipumua. Walisikia bakuli likiwekwa chini, polepole, likatafuta mahali pa kukaa kati ya kokoto.

"Aliomba ruhusa ashuke bondeni," don Eleuterio alisema. "Alikuwa amepata mchumba, binti wa mwoka mikate. Alitaka kujifunza kazi ya joto, ndivyo alivyosema, kazi ya joto. Nikamwambia mimi nilimlea kwa ajili ya reli hii, na hakuna anayeshuka. Nikampeleka kibandani akafikiri. Aliyefikiri ni mimi. Kila nilipotia gogo motoni nilijua yeye hana. Siku ile niliposikia mngurumo, sikuuliza ni wa wapi. Nyundo ilikuwa mkononi tayari."

Turubai likachakacha chini ya kiganja chake.

"Nilitaka aingie ndani tu. Nilitaka kumwambia: haya, mwanangu, shuka."